Besi lisilo na kifua: uchambuzi wa kisa cha gitaa moja la Unguja

Kwa nini nimekiandika kisa hiki

Gitaa hili la besi lililetwa kwenye meza yangu ya ufundi mara tatu ndani ya miezi miwili. Lalamiko la msingi lilikuwa moja: sauti haina kifua, yaani haina unene wa chini. Mwenyewe ameniruhusu niandike. Jina lake, kikundi chake, hoteli wanayopiga na ukumbi wa harusi unaotajwa humu nimeviacha, na yeye nitamwita Ami, maana ndivyo sisi wadogo zake tunavyomwita. Nawaandikia mafundi wenzangu, na wapigaji wanaofikiria kununua pikapu mpya ili sauti ijae. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na mara zote mbili nilichokipima na nilichokisikia kilikuwa kweli. Nilikisoma vibaya.

Mpigaji na gitaa lake

Ami ana zaidi ya miaka 50. Amekulia kwenye taarabu ya okestra, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 na Culture Musical Club cha 1958, ambamo fidla, ganuni, udi na akodiani hukaa juu ya besi kubwa la kusimama. Besi lile halipigi kelele. Linagonga kwa upole, linavimba, kisha linanyamaza kabla noti inayofuata haijaingia. Ukiwa ukumbini unalisikia tumboni kuliko masikioni. Hiyo ndiyo sauti iliyomo kichwani mwa Ami mpaka leo. Lakini kikundi chake ni cha watu 6, kinapanda gari moja kwenda Nungwi jioni na kurudi usiku wa manane, na besi la kusimama halina nafasi humo. Kwa hiyo anapiga la umeme.

Gitaa lenyewe ni nakala ya muundo wa Jazz Bass, ambao Fender waliutoa 1960: nyuzi 4, urefu wa uzi inchi 34, pikapu 2 za koili moja moja, volyumu 2 na toni 1. Pikapu ni kile kijisanduku chenye sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye koili, na huo ndio unaopita kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Pikapu moja iko upande wa shingo, nyingine karibu na daraja la nyuzi.

Jambo moja nililijua kwa kuchelewa, nalo lilikuwa la kuuliza siku ya kwanza. Msimu mmoja wa masika pikapu ya daraja ilikufa. Waya wa koili una unene wa milimita 0.06 hivi, sawa na unywele; chumvi ya bahari na unyevu vikiingia kwenye ncha ulikolehemiwa, unaliwa mpaka unakatika. Ami akapiga miezi kadhaa kwa pikapu ya shingo peke yake, akingoja. Ndugu yake aliyeko Maskati akamletea pikapu nyingine, ya kiwanda tofauti, na fundi mmoja akaifunga. Sauti ilianza kukonda baada ya hapo. Lakini siku zile zile kikundi kilibadilisha mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) na spika, na kila mtu akavilaumu hivyo vipya.

Siku ya kwanza mezani

"Mwanangu, besi langu limekuwa kama linapigwa ndani ya kopo," aliniambia baada ya salamu. Alikuwa ameshaweka fedha pembeni. Vijana wa kikundi walimshauri mambo mawili: ama atoboe mwili wa gitaa atie pikapu pana ya muundo wa Precision, besi jingine la Fender, ama afunge kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Alitaka nimchagulie moja.

Niliomba nilisikie kwanza. Volyumu zote mbili zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho, na ni kweli, sauti ilikuwa nyembamba, yenye ukali wa juu na kama puani. Nikapima ukinzani kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya: kiloomu 3.8. Pikapu ya shingo ikiwa na kiloomu 7.4 na ya daraja 7.9, zikiunganishwa sambamba, bega kwa bega, kama zilivyo kwenye Jazz Bass, jumla yake huwa hapo hapo. Halafu nikatega sikio kwenye amplifaya bila kugusa nyuzi: kimya, hakuna mvumo. Pikapu za koili moja huvuma, ila mbili zikioana vizuri mvumo wa moja huua wa nyingine. Nikahitimisha kwamba nyaya ziko sawa na pikapu zimeoana. Sehemu ya kwanza ya hitimisho hilo ilikuwa kweli kwa mujibu wa mita. Ya pili nilijitungia mwenyewe.

Uamuzi wa kwanza: kutibu ukali

Ndani ya kifuniko nilikuta poti, yaani vikinza vinavyozungushwa na vishikizo vya volyumu na toni, za kiloomu 500, na kapasita ya toni, ile inayopunguza ukali, ya maikrofaradi 0.022. Jazz Bass kwa kawaida hutumia poti za 250 na kapasita ya 0.047. Nikaona nimempata mchawi. Poti kubwa huiachia pikapu kilele cha ukali wake; poti ya 250 hukipunguza kidogo. Nikabadilisha poti zote tatu na kapasita, nikasugua jeki iliyokuwa na ukungu wa kijani, nikapandisha pikapu zote mbili hadi zikawa milimita 3 hivi chini ya uzi wa E, ulio mnene kuliko wote.

Kuhusu kikuza sauti cha betri, nilimwambia tungoje. Kuhusu pikapu ya Precision nilimwambia hapana, na sababu zangu bado nazishikilia. Pikapu ile, kwa umbo lake la vipande viwili lililoanza 1957, ni nzuri kwa anachokitaka: kila uzi unasikilizwa mahali pamoja tu, koili zake mbili zimeungwa kwa mfululizo (moja baada ya nyingine), ina mizunguko mingi ya waya, na haivumi. Ndiyo maana besi nyingi nene tunazozisikia kwenye rekodi zimetoka humo. Lakini kuitia kunataka kuchimba mbao ya gitaa zima, na mbao iliyochimbwa hairudi. Sikuwa tayari kumchimbia mtu mzima gitaa lake kabla sijajua ugonjwa ni nini.

Mezani, matokeo yalitufurahisha. Ukali ulipungua na sisi tukaudhania unene. Ami akaondoka ananiombea dua.

Harusini

Wiki ya pili nilikwenda kulisikiliza ukumbini, mtaa mmoja wa Ng'ambo. Hapo niliona aibu. Kinanda kilipoingia kwa mkono wa kushoto, ngoma ya dumbak ikashika mapigo, besi la Ami likapotea. Vidole vyake nilivyoviona vikitembea sikuvisikia. Zilisikika ncha za noti tu, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa kucha.

Katikati ya wimbo wa tatu, mama mmoja alipoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, Ami alishusha mkono wake wa kulia akakizungusha kishikizo cha volyumu ya pikapu ya daraja, kidogo tu, kama robo. Besi likafufuka. Nilihisi benchi likitetemeka. Alipokirudisha hadi mwisho, likazama tena. Nikajiambia poti mpya imekuja na uchafu. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nikalitafutia jina jingine.

Uamuzi wa pili: kujaribu mfululizo

Gitaa liliporudi mezani nilikuwa na wazo jipya. Pikapu mbili zikiwa sambamba, uvivu wa koili kwa umeme wa haraka, ule unaopimwa kwa henri, hugawanyika kwa mbili. Zikiwa kwa mfululizo hujumlishwa. Chukua koili za henri 3.5 kila moja: sambamba unapata 1.75, mfululizo unapata 7, yaani mara 4. Tia waya wa mita 6 kutoka kwenye gitaa hadi kwenye amplifaya, wenye pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Kilele cha sauti, pale pikapu inapotoa kwa nguvu zaidi, kitakaa karibu na Hz 4,900 (mitikisiko kwa sekunde) kwenye sambamba, na karibu na Hz 2,450 kwenye mfululizo. Kilele kikishuka, sauti ina giza zaidi, sauti za kati zinasogea mbele, na nguvu inaongezeka kwa sababu pikapu hazigawani tena, zinajumlishana. Kwa anayeitafuta sauti ya besi la kusimama, hiyo ndiyo njia, na gharama yake ni swichi moja.

Kwa bahati sikuilehemu. Niliunga kwa vibanio kwanza, nikampa Ami apige.

Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Ilikuwa na nguvu, ndiyo, lakini yote puani, kama zumari iliyoziba. Ami akaniangalia, nami nikaziangalia nyaya. Mfululizo hauwezi kumkondesha mtu. Ukimkondesha, basi pikapu zile hazijumlishani, zinapunguzana.

Nikatoa mita yangu ya zamani, ile yenye mshale, nikaiweka kwenye kipimo chake kidogo kabisa cha mkondo. Nikaunga pikapu ya shingo, nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye kijiti cha sumaku: mshale ukaruka kulia. Nikainua bisibisi: ukaruka kushoto. Nikahamia pikapu ya daraja, waya wake mweupe mahali pa mweupe na mweusi mahali pa mweusi. Nikagusa. Mshale ukaruka kushoto. Nikarudia mara tano, Ami ameinama juu ya meza miwani ikiwa puani, na mara zote tano ukaruka kushoto.

Fazi, yaani mwelekeo wa umeme wa kila pikapu, zilikuwa zinapingana. Noti nene inapopigwa, uzi mzima hupanda na kushuka kwa pamoja, hivyo pikapu zote mbili huuona ukienda upande mmoja kwa wakati mmoja. Ikiwa moja inauita mwendo ule chanya na nyingine inauita hasi, sauti ile ya chini hufutwa. Visauti vya juu havifutiki hivyo: kwa visauti hivyo uzi hujikata vipande, huku kimoja kinapanda kingine kinashuka, na hapo pikapu zinazopingana hukubaliana. Unabaki na makombo ya juu. Tena haufutiki wote, kwa sababu pikapu ya shingo iko mbali zaidi na daraja na uzi hapo hupepea kwa upana zaidi. Kinachosalia kinatosha kumfanya mtu adhani gitaa lina sauti nyembamba tu, asijue lina kasoro. Ndiyo maana kuirudisha nyuma volyumu ya daraja kwa robo kulilifufua besi pale harusini: mpinzani alikuwa amepunguzwa nguvu.

Na kipimo cha kiloomu 3.8? Ukinzani haujui fazi. Ungegeuza nyaya mara mia, mita ingeandika namba ile ile.

Uamuzi wa tatu, uliokuwa nusu sahihi

Nikabadilishana nyaya mbili za pikapu ya daraja, mweupe ukaenda kwenye ardhi ya umeme na mweusi kwenye poti. Kazi ya dakika 10. Nikafungua volyumu zote mbili, Ami akapiga E ya wazi, na dirisha la duka likalia. Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa akaendelea kupiga, polepole, kama anayesalimiana na mtu aliyempotea muda mrefu. Hakuna aliyemkatiza.

Siku nne baadaye alinipigia simu kutoka kaskazini. Besi ni nene, alisema, lakini linavuma. Hotelini kuna taa za kupunguzwa mwanga, na kila zinapopunguzwa mvumo unapanda juu ya muziki.

Msomaji asiyepiga besi anaweza kuliona hilo dogo. Umeme wetu ni wa Hz 50. Noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E ni Hz 49, na uzi wa G ukiachwa wazi ni Hz 98, jirani kabisa na mvumo wa pili wa umeme wa Hz 100. Kwa hiyo mvumo ule kwa mpiga besi si kelele ya mbali. Ni G iliyokaza kwa theluthi ya nusu-toni hivi, inayolia bila kukoma ndani ya eneo lake mwenyewe. Kwenye kikundi chenye ganuni, ambayo mpigaji wake huzikaza nyuzi kwa subira kabla ya onyesho, G ya namna hiyo ni tusi.

Dira

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri kama nilivyopaswa kufikiri mwanzo. Pikapu ina pande mbili zinazoweza kugeuka: mwelekeo wa mzunguko wa waya, na mwelekeo wa sumaku. Sauti ya uzi hutegemea vyote viwili. Mvumo hutegemea mzunguko peke yake, kwani unaingia kutoka hewani na haujali sumaku. Kwenye Jazz Bass iliyooana, pikapu moja imegeuzwa vyote viwili kwa pamoja: sauti inageuka mara mbili, yaani inarudi palepale na kujumlishana, na mvumo unageuka mara moja, unafutika.

Pikapu ile iliyotoka Maskati ilikuwa imegeuzwa mzunguko tu. Ndiyo maana siku ya kwanza gitaa lilikuwa kimya. Ukimya ule ulikuwa wa kweli, ila ulikuja pamoja na kufutwa kwa sauti nene. Nilipobadilishana nyaya niliirudisha sauti na mvumo kwa mkupuo mmoja.

Jirani yangu ana chombo cha baharini huko Malindi, hapa hapa Unguja. Akaniazima dira yake ndogo. Nikaishika mbali kidogo na pikapu, upana wa kiganja, ili sumaku isiiharibu. Pikapu ya shingo ilivuta ncha nyekundu. Ya daraja nayo ikavuta nyekundu. Sumaku zilitazama upande mmoja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kugeuzwa badala ya nyaya.

Kama vijiti vya pikapu ya daraja vingekuwa vyenyewe ni sumaku, kama kwenye Jazz Bass ya asili, nisingevigusa. Kuvisukuma nje ni kukata koili. Hii ilikuwa ya aina rahisi: vijiti vya chuma cha kawaida, na chini yake kipande bapa cha sumaku ya kauri kilichogandishwa kwa gundi. Saluni ya jirani walinipa mashine ya kukaushia nywele. Nikaipasha gundi taratibu, nikapenyeza kadi ya plastiki, kamwe si kisu, maana nyaya za koili hupita milimita chache tu kando. Kipande kikaachia. Nikakipindua, nikakigandisha tena, nikaleta dira: ncha nyeupe ikageukia pikapu. Nikazirudisha nyaya kama alivyozilehemu yule fundi wa kwanza, ambaye kumbe hakukosea chochote. Bisibisi ikagusa, mshale ukaruka kulia kwa pikapu zote mbili. Nikawasha amplifaya: kimya.

Matokeo

Ami anapiga gitaa lile hadi leo. Kwa ruhusa yake, badala ya kishikizo cha kawaida cha toni nilitia cha kuvuta, chenye swichi ya mfululizo ndani yake. Kikiwa chini, pikapu ziko sambamba. Ukikivuta juu, zinakwenda kwa mfululizo. Kwa jinsi nilivyounga, kwenye mfululizo volyumu moja tu ndiyo inayotawala na huwezi tena kuchanganya pikapu kwa mapenzi yako. Nilimweleza kabla ya kulehemu, akakubali. Anautumia mfululizo hotelini, kwenye nyimbo za zamani za polepole, watu wanapokula na kinanda kinaponyamaza. Ukumbini hauvuti, kwa sababu sauti za kati zinazosogea mbele hugongana na mkono wa kushoto wa kinanda.

Alibadilisha na nyuzi pia, akatia zile zilizozungushiwa utepe bapa. Hazina mlio wa kioo, na noti yake inazima mapema. Hilo lilimsogeza karibu na besi la kusimama kuliko kapasita yangu ya 0.047, na tungeanza na nyuzi kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu.

Mvumo haukwisha wote. Volyumu mbili zikiwa sawa, gitaa ni kimya. Akipunguza moja, unarudi kiasi, ndiyo tabia ya pikapu za koili moja. Kwenye hoteli ile, akisimama karibu na swichi ya zile taa, bado unasikika kidogo. Amejichagulia upande mwingine wa jukwaa.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kosa langu la kwanza halikuwa la fundi umeme, lilikuwa la kutouliza. Swali moja, "sauti ilianza kukonda lini?", lingenifikisha kwenye pikapu ya Maskati kabla ya kufungua skrubu. Ami alikuwa ameniambia spika zimebadilika, nami nikaichukua hiyo kuwa historia nzima. Sasa naandika kwanza: nini kilibadilishwa kwenye gitaa, mwaka gani, na nani.

La pili ni kudhani kwamba kupunguza ukali ni kuongeza unene. Mezani, kwa spika moja na sikio lililochoka, mambo hayo mawili hufanana sana. Ukumbini yanaachana. Uzi wa E wa wazi ni Hz 41, na spika ndogo za kumbi zetu hazitoi mengi huko chini. Mtu anachokiita unene wa besi kwa kiasi kikubwa hukaa kati ya Hz 80 na 200. Sakiti isiyo na betri haiwezi kuongeza chochote hapo. Inaweza kupitisha au kupunguza tu. Kwa hiyo besi lisilo na betri likikosa kifua, swali la kwanza ni nani anayekila, na poti na kapasita huja baada ya hilo. Poti za 500 hazikuwa na hatia, na kwa kweli siku hizi naona zingefaa kubaki, kwa sababu kwenye mfululizo ukali kidogo wa ziada ungesaidia noti zisikike.

Kikuza sauti cha betri tungekitia siku ile ya kwanza kingekuwa hasara tupu. Kingeongeza makombo. Besi la StingRay la kampuni ya Music Man, la 1976, lilionyesha jinsi kikuza cha ndani kinavyoweza kuwa sehemu ya sauti yenyewe, sina ugomvi nacho. Lakini hakiwezi kurudisha kilichofutwa kabla hakijafika kwake, na mpigaji angebaki na kazi ya kukumbuka kuchomoa waya kila usiku ili betri isiishe.

Kilichofaa zaidi katika kisa hiki ni vibanio. Kama ningeilehemu swichi ya mfululizo moja kwa moja, ningeiona imeharibu sauti, ningeing'oa, na ningebaki na imani kwamba mfululizo haufai kwa taarabu. Jaribio la vibanio lilinipa jibu lililokwenda kinyume na hesabu, na kwa kuwa hesabu ile niliiamini, nilijua kosa limo ndani ya gitaa. Bila kujua mfululizo unapaswa kufanya nini, sauti ile ya puani ingekuwa sauti mbaya tu kati ya nyingi.

Kilichonichelewesha zaidi ni ukimya wa siku ya kwanza. Nimewauliza mafundi wawili wengine hapa mjini, na wote wawili huchukua ukimya kama ushahidi kwamba pikapu zimeoana, kama nilivyofanya. Ushahidi huo ni wa mzunguko wa waya peke yake. Unahitaji na wa sumaku. Dira na mita ya mshale kwa pamoja ni kazi ya dakika tano, na sasa kila pikapu inayoingia dukani kwangu, mpya au kuukuu, hupita hapo kabla ya kupimwa kiloomu.

Kwa anayenunua pikapu moja kuziba pengo la iliyokufa, ushauri wangu wa wazi ni huu: ukiweza, nunua jozi. Kama huwezi, muulize anayeuza sumaku yake inatazama wapi na imezungushwa vipi. Asipojua, tafuta yenye sumaku bapa chini, maana hiyo ukiipata kinyume unaweza kuigeuza kwa mikono yako. Na kama nyaya za pikapu ziko ndani ya kava moja la matundu ya chuma linalotumika kama ardhi, usithubutu kuzibadilishana. Kava litakuwa ndilo linalobeba sauti na mvumo utazidi.

Jambo moja halikuwa la gitaa kabisa. Baada ya kazi yote hii nilimwomba kijana wa kinanda, mbele ya Ami na kwa heshima, apumzishe mkono wake wa kushoto kwenye nyimbo nne. Alikubali siku hiyo hiyo. Wanawake waliokaa safu ya nyuma walimwuliza Ami amenunua besi jipya lini.

Ndani ya kifuniko cha gitaa lile nimebandika karatasi ndogo iliyofunikwa kwa selotepu, isije ikaliwa na chumvi. Imeandikwa: shingo, nyekundu, mshale kulia, daraja, nyeupe, mshale kulia, mweupe poti, mweusi ardhi, sumaku ya daraja imegeuzwa. Na chini yake tarehe, kwa atakayelifungua baada yangu.